Kijiti Kilichosema Imejaa

Pikapu ninayoendesha ni ya adeer, mdogo wa marehemu baba yangu. Ni kuukuu kuliko mimi, na gia zake ni za otomatiki. Kazi yake ni kuvuta trela la tanki la maji kutoka Garissa mjini hadi kambi yetu ya mifugo, nje ya barabara ya Liboi. Wakati wa kiangazi tunakwenda siku moja, tunarudi siku ya pili, na siku ya tatu tunalala kama hakuna kilichovunjika. Nyanya yangu yuko kambini na mbuzi wa nyumba yetu yote. Pikapu ikisimama, hakuna gari jingine la kuwapelekea maji.

Kiangazi kilichopita ilianza kulia. Mwanzo ulikuwa mluzi mwembamba, unapanda nikikanyaga mafuta na kushuka nikiachilia. Nilidhani ni upepo kwenye kioo kilichopasuka. Baadaye, ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu, injini ilipiga kelele bila gari kuongeza mwendo, kisha gia ikaingia kwa kishindo na mnyororo wa trela ukagonga. Nilihisi kile kishindo kwenye meno.

Adeer hukaa kando yangu. Macho yake yameingia ukungu, haendeshi tena, lakini masikio yake ni mazima.

"Umezima gia ya juu?" aliniuliza.

Kwenye mkono wa gia kuna kitufe cha kuzuia gia ya mwisho. Ukivuta mzigo unakibonyeza, la sivyo giaboksi inahangaika kupanda na kushuka hadi inachemka.

"Nimezima, adeer."

"Na oili ya giaboksi?"

"Imejaa."

Neno hilo nililisema miezi mingi. Sisi kila kazi ya gari tunaifanya tunaposimama kuswali adhuhuri. Tunazima injini, tunafungua boneti, tunakagua kamba, magurudumu, maji ya rejeta na oili, halafu tunatawadha. Adeer alinifundisha hivyo nikiwa nimetoka tu darasa la nane, kwenye lori lake la zamani la gia za mkono. Alisema mtu hawezi kusimama mbele ya Mungu na injini inanung'unika mgongoni. Kwa hiyo nilizima, nikachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili nyekundu ilifika juu ya alama ya mwisho. Nikasema imejaa, na adeer akaamini.

Lakini kelele iliendelea. Siku moja kwenye kizuizi cha barabarani askari alitupekua, akatuambia twende. Niliweka D ili tuondoke. Gari halikusogea. Nilikanyaga mafuta, injini ikalia, tukabaki palepale.

"Dereva, umepapenda hapa?" askari aliuliza. "Tukuletee chai?"

"Hapana, afande."

"Basi ondoa hiyo birika yako."

Gia iliingia ghafla, trela likatusukuma, na kofia ya adeer ikamwangukia miguuni. Aliiokota, akaipangusa vumbi polepole, akaivaa.

Kambini nyanya alitusikia kabla ya kutuona. Alisimama kando ya tanki huku watu wakijaza mapipa.

"Hilo gari lenu linalia kama ngamia aliyefiwa na mtoto," alisema.

"Ni mzigo tu, ayeeyo," nilimwambia.

"Mzigo ni uleule wa mwaka jana."

Adeer alimwambia ukweli ambao mimi sikuwa nimeambiwa. Giaboksi ikifa, hatapata nyingine. Itabidi mbuzi watembezwe hadi mto Tana, na kwa jinsi walivyokonda, nusu hawatafika. Nyanya alimtazama, halafu akanitazama mimi.

"Wewe ndiye unayeliendesha. Linasema nini?"

Nilitazama chini. Tangu utotoni maneno hunikwama watu wakisubiri nijibu. Nilikuwa nimehisi kwa wiki nyingi kwamba kuna kitu hakiko sawa, lakini kijiti kilisema imejaa, na mimi sikujiona mtu wa kubishana na kijiti.

"Oili imejaa," nilisema.

Safari iliyofuata, tanki likiwa limejaa, tulifika kwenye mchanga laini baada ya kuacha barabara na gari likagoma. Mbele halikwenda, nyuma halikwenda. Kulikuwa na harufu ya kitu kilichoungua, si mpira wala waya. Tulikaa chini ya trela hadi joto likapungua, tukamwaga nusu ya maji ya watu tuliokuwa tunawapelekea, nikaondoka kwa gia ya kwanza kama mtu anayebeba mayai. Kufika kambini kulituchukua mchana wote. Maji yalitosha mbuzi wadogo tu.

Tuliporudi mjini, adeer alinipeleka kwa fundi mmoja karibu na mtaa wa Waberi. Ni mtu wa bara, aliyetoka "Kenya" kama wazee wetu wanavyosema bado, ingawa amekaa hapa miaka mingi na anakula pasta kwa mkono kama sisi.

"Hii gari iko na oili," adeer alimwambia. "Hii kijana anapima kila siku."

"Mzee, gari iko na oili lakini inalia kiu? Kijana, hebu pima nione."

Nilizima injini na kushika boneti.

"Mbona umezima?"

"Ndivyo tunavyopima."

Fundi alicheka, kisha alipoona uso wangu akaacha. Aliniambia niwashe tena, nishikilie breki na kupitisha mkono wa gia kila mahali, taratibu, halafu niurudishe P, mahali pa kuegesha, na kuacha injini ikinguruma. Ndipo akachomoa kijiti. Kilikuwa kikavu karibu chote. Tone moja lilining'inia kwenye ncha, rangi ya chai ya rangi iliyochemka sana.

"Ukizima, oili iliyokuwa juu inashuka yote chini," alisema. "Unaona imejaa. Ukiwasha, inapanda kufanya kazi, na huko chini pampu inavuta hewa. Huo ndio mluzi wako."

Alitambaa chini ya gari. Bomba linalopeleka oili kwenye rejeta lilikuwa limesuguliwa na chuma hadi likatoboka kidogo. Sisi tunaegesha kwenye mchanga, na mchanga ulikunywa kila tone bila kuacha alama.

Nilijua adeer ananitazama. Nilitaka kunyamaza, kama kawaida yangu.

"Adeer, ni mimi," nilisema. "Nyanya aliponiuliza nilikuwa nahisi kuna kitu hakiko sawa. Nilisema imejaa kwa sababu ilikuwa rahisi."

Aligeuzageuza fimbo yake.

"Lile lori nililokufundishia lilipimwa hivyo, likiwa limezimwa," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Fundi alibadilisha bomba na kichujio, akamwaga oili iliyoungua, akatia mpya kidogo kidogo huku akipima. Hakutuahidi kitu. Klachi za ndani zimeungua, alisema. Mvute tanki nusu, mwende asubuhi, na mkisikia harufu msimame, msijifanye wanaume.

Kwa hiyo sasa tunakwenda mara mbili kwa maji yaleyale. Mluzi umekwisha. Gia ya tatu bado inasitasita kabla ya kuingia, na mimi naachilia mafuta kidogo kuisubiri. Mgongo wangu unauma siku zote. Mvua haijaja. Mbuzi wachache wamekufa, wengine wanasimama tunapofika.

Adhuhuri natafuta mahali tambarare. Adeer anashuka, anatawadha, anatandika mkeka wake na kusimama juu yake akielekea kibla. Haanzi. Injini inanung'unika mgongoni mwake huku mimi nikipitisha gia, nikichomoa kijiti na kukifuta kwa kitambaa, mara mbili.

"Imefika wapi?" anauliza bila kugeuka.

"Kati ya alama mbili. Chini kidogo ya jana."

"Ongeza."

Naongeza, napima tena, namwambia. Ndipo anasema, "Zima," nami nazima.