Dua ya Mbalamwezi

Mimi ni mtoto wa Mollo, kule juu milimani, na kwetu mbalamwezi ilikuwa neema. Baba alipura ulezi jioni bila kuwasha taa, na sisi watoto tulicheza pembeni hadi mama aite mara ya tatu. Kwa hiyo siku nilipopelekwa Kirando, kando ya ziwa, kutambulishwa ukweni, nikaambiwa nami niseme neno la baraka kwa wenyeji, sikufikiri mara mbili. Nilisimama, nikajifunga kitenge vizuri, nikasema kwa sauti, "Mungu awape mbalamwezi mwaka mzima."

Watu walitazamana. Kisha nahodha wa mtumbwi anaovulia mume wangu, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, tumekukosea nini?"

Watu walivunjika mbavu. Mama mkwe alinivuta jikoni akanieleza huku anafuta machozi ya kicheko. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwaka, dagaa hawaijali taa, wanatawanyika, na mitumbwi inabaki ufukweni. Nilikuwa nimewaombea njaa ya mwaka mzima. Maji yalikuwa yamekwishamwagika, na mpaka leo Kirando mimi ni "yule mke wa mbalamwezi".

Aibu yangu ya kweli ni kwamba dua ile niliendelea kuiomba kimoyomoyo. Mimi nina cherehani yangu Sumbawanga mjini, mume wangu yuko ziwani, na mbalamwezi ndiyo inayomrudisha nyumbani. Mwezi ukikaribia kujaa, wavuvi wanapumzika, naye anapanda basi. Mwezi ukianza kuchelewa kutoka, anarudi. Ndivyo ndoa yetu inavyokwenda, na sijawahi kuizoea.

Binti yetu wa kwanza alizaliwa katikati ya giza, siku zisizo na mwezi. Baba yake alimwona ana siku kumi na mbili. Alimshika, akamgeuza huku na huku, akasema, "Kumbe ana masikio yangu," halafu akatoka uani akakaa huko muda mrefu. Nilimfuata nikamkuta analia. Hatukuizungumzia siku ile tena.

Mwaka jana nilipata mimba ya pili. Kliniki waliponiandikia tarehe ya kujifungua, nilifika nyumbani nikahesabu kwa vidole mara mbili, nikatupa kadi kitandani. Giza tena! Mume wangu alipokuja aliitazama ile kadi, akasema safari hii atakuwepo. Nilimjibu vibaya, nakiri. Nilimwambia asiniahidi kitu ambacho mwezi hautaki. Yeye ndiye mtu wa taa kwenye mtumbwi. Akikosekana usiku wa giza, wenzake wote wanarudi mikono mitupu, na kila mmoja wao ana watoto.

Mwezi ule wa mwisho niliufuata angani hatua kwa hatua. Uliandama magharibi, mwembamba, jua likiwa limezama tu, ukazama upesi kuelekea ziwani. Binti yangu aliupungia mkono. Wiki moja baadaye ulikuwa nusu, tunaukuta utosini tunapoanua nguo jioni. Ulipokaribia kujaa ulianza kuchungulia juu ya milima ya Mbizi kabla jua halijazama, na baba mtu akafika, ananuka moshi na samaki. Alinisugua miguu iliyovimba. Alipasua kuni za wiki tatu. Kila jioni tulikaa mlangoni na blanketi, maana baridi ya Sumbawanga haina adabu, tukautazama ukitoka, na kila siku ulichelewa kidogo. Siku ulipotoka tumeshakula na kuosha vyombo, alikunja blanketi mapema. Nikajua. Asubuhi alifunga begi.

"Usije," nilimwambia kituoni. "Nitaweza. Niliweza mara ya kwanza."

Nilidanganya. Niliogopa mno, na nilimtaka.

Baada ya hapo mwezi nilibaki kuuona asubuhi tu. Nikiwa kwenye cherehani, saa nne, nilikuwa nauona upande wa magharibi, mweupe, umeisha nusu, unateremka kule aliko yeye. Nilikuwa nauambia, msalimie. Wateja walidhani ninaongea na uzi. Kisha hata huo ukakonda, ukahamia mashariki alfajiri, juu ya Mbizi. Siku nilipouona mara ya mwisho ulikuwa kama kipande cha ukucha, na mgongo ulianza kuniuma.

Siku hiyohiyo, saa nane mchana, mlango ulisukumwa. Mume wangu alisimama pale na begi na kifurushi cha dagaa wakavu. Badala ya kumkumbatia nilikuja juu. "Umefukuzwa? Giza ndiyo kwanza limekolea! Wenzako watakula nini?"

Aliweka begi chini taratibu. "Sikuomba ruhusa," alisema. "Nahodha ameniita mwenyewe mbele ya watu wote. Amesema, 'Nenda kwa mke wa mbalamwezi. Mwambie alituombea mwezi mwaka mzima, nasi hatukuwa na cha kumlipa. Tumekaa, tumekubaliana. Giza hili tunampa yeye.' Taa zangu atazishika mzee mwenyewe."

Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikalia kwa sauti, na binti yangu akalia kwa sababu mimi nalia.

Mtoto wa kiume alizaliwa hospitalini kesho yake alasiri. Baba yake alimpokea akiwa na umri wa dakika chache, na kitu cha kwanza alichokagua ni masikio.

Jioni muuguzi alikuja kufunga dirisha. Nje nyota zilikuwa zimeanza kutoka, na mwezi haukuwepo popote. Kule Kirando walikuwa wanasukuma mtumbwi majini, na mzee yule akiinamia taa ambazo hakuwa amezishika miaka mingi. Nilijikuta nasema kwa sauti, na kwa mara ya kwanza nilimaanisha, "Mungu awape giza. Giza totoro."

Muuguzi, mtu wa huku kwetu juu, alishtuka akaacha pazia. "Mama, hiyo ni dua gani?"

"Ya watu wa Kirando," nilimwambia. "Nilichelewa kuisema."