Hasara Niliyoikata kwa Mkasi

Kosa langu la mwanzo, na naona haya hata kuliandika, ni kudhani kwamba bango safi linatosha kuwa somo.

Bei ya korosho ilikuwa imeanguka na mji wetu mzima wa Nanyamba unasema mabenki yatafilisika. Mama mdogo Somoe, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wakulima, ndiye aliyewashawishi wenzake waweke fedha za salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, kwenye benki ya Kiislamu, na sasa walitaka kuzitoa zote, na yeye wanamtazama kwa jicho la pembeni. Akaniomba nikawaelimishe (mambo haya nimejisomea kwenye simu, cheti sina). Nikaandaa bango la manila: mtaji, faida, hasara. Mstari wa hasara ukaenda upogo, wino ukavuja, manila nyingine sina, basi nikachukua mkasi nikaukata, nikajiambia huo nitaueleza kwa mdomo.

Siku yenyewe, baada ya swala ya alasiri, akina mama wamejaa madrasa, nikausahau kabisa ule mstari niliokata. Bi Hadija, mkulima wa miaka mingi, akauliza soko likianguka hasara inamwangukia nani. Nikaangalia bango, halina kitu. Nikajibu, “Hasara hakuna.”

“Faida ipo, hasara hakuna,” akasema taratibu. “Mwanangu, hiyo si riba tuliyokatazwa?”

Mmoja akasimama, akasema kesho asubuhi yuko benki, wengine wakaanza kujifunga khanga waondoke, na mama mdogo ananitazama mimi tu. Ikabidi niseme kwamba hasara ipo, ila niliikata.

“Umeikata na nini?” mama mdogo akauliza.

“Na mkasi.”

Walicheka, kicheko cha kuumiza. Nikaeleza hivyo hivyo: fedha yao ni mtaji wa ubia, biashara ikianguka na wao inawagusa, benki inajikinga kwa kununua na kuuza mali inayoonekana badala ya kukopesha kwa riba, kwa kutotegemea korosho peke yake, na kwa kutenga sehemu ya faida ya miaka mizuri kwa ajili ya mibaya.

“Ungeanza na hayo,” Bi Hadija akasema, “tungekuamini.”

Kesho yake nusu yao walitoa mafungu yao. Benki haikuanguka, lakini kikundi kilichagua mwenyekiti mwingine.

Siku hizi naanza na hasara, bango likiharibika naenda nalo hivyo hivyo, na mama mdogo huketi nyuma kama mwanachama wa kawaida.