Shangazi Aliyesifiwa Haya

Kwa miaka minne nimewaambia watu, wakiwemo madaktari wawili na mama mkwe mmoja, kwamba kwenye ukoo wetu hakuna mtu wa namna ya binti yangu. Nilijua si kweli. Nina shahada mbili, na zote hazikunisaidia kusema ukweli. Zilinisaidia kudanganya kwa sentensi zilizonyooka.

Kilichoniumbua ni khanga. Mwezi uliopita nilikwenda Kariakoo kununua doti moja kwa ajili ya shughuli ya jirani, nikaenda na binti yangu. Ana miaka minane, ana usonji, na kelele za pale huzikabili kwa kuziba masikio na kuimba taratibu. Muuzaji alipotandaza khanga mezani, mtoto akaacha kuimba. Akalinganisha ncha na ncha, akapitisha kidole kwenye pindo lote hadi mwisho, kisha akaisukuma irudi ilikotoka.

"Hii haijakaa sawa," akasema.

Muuzaji alicheka. Maneno hayo nimekua nayo, na aliyekuwa akiyasema alifariki kabla binti yangu hajazaliwa.

Nyumba niliyokulia ilikuwa mitaa mitatu tu kutoka dukani hapo: vyumba sita, ukumbi katikati, uani jiko la mkaa, na barazani cherehani ya shangazi yangu, dada yake baba. Kazi yake ilikuwa kupinda khanga. Unajua doti inavyouzwa, vipande viwili vikiwa bado vimeshikana. Lazima mtu avitenganishe na kuvishona. Wengine walikata kwa macho. Shangazi alichomoa uzi mmoja kutoka upande hadi upande, akafuata njia iliyobaki, hata kama mteja amesimama juani na kikapu kichwani. Kama kiwanda kilipiga chapa upogo, hakushona. Alirudisha.

Alikumbuka kila khanga iliyopita mikononi mwake, nani aliileta na siku hiyo tulipika nini. Tena hakuwa na maneno ya kupoza. Jirani mmoja alijifunga khanga mpya, akazunguka mbele yake na kumuuliza kama imempendeza.

"Hapana," alisema shangazi, macho kwenye sindano. "Ile ya njano uliyoleta mfungo ulioisha ndiyo ilikupendeza."

Jirani alisonya, akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi amevaa ile ya njano.

Sisi watoto tulimpenda kwa sababu alikuwa na kanuni, na kanuni zake hazikubadilika kama za watu wazima wengine. Ukimwamkia asubuhi, anaitika marahaba. Ukirudia mchana, anakukumbusha kwamba alishaitika. Mashine ya kusaga nazi ya jirani ikianza kunguruma, alijifunga khanga masikioni na kuendelea kushona. Wali aliula mtupu, mchuzi kwenye bakuli lake peke yake. Siku ya Idi, tulipokula wote kwenye sinia moja, bibi, mama yake, alimjengea ukuta wa wali kwenye kona yake ili mchuzi wetu usimfikie. Aliujenga kwa kijiko, bila kusema kitu, kama anayemkatia mtoto nyama. Niliamini kila sinia duniani lina ukuta.

Na hakumtazama mtu machoni. Hapo ndipo tulipokosea wote, kwa kosa ambalo lingeweza kutokea kwetu tu. Mtaa mzima ulisema binti yule ana haya. Wamama waliwasuta mabinti zao kwa kumtolea mfano. Mimi mwenyewe nilipigwa kofi moja kwa kuwakodolea macho wageni, nikaambiwa nimwige shangazi. Posa zilikuja, na za watu wa maana. Dada za mfanyabiashara mmoja wa Ilala walikuja kumtazama, wakakaa saa nzima bila yeye kuinua uso, wakarudi kwao wakimsifu kwamba wasichana wa hivyo wamekwisha.

Akaolewa huko, na ndoa ilidumu siku tisa. Siku ya kumi shangazi alirudi kwa miguu akiongozana na mkokoteni, juu yake cherehani. Wazee waliketi kumhoji: amepigwa, ametukanwa, amenyimwa chakula? Hapana kwa yote.

"Kule wanahamisha vitu," alisema.

Bibi akasimama, akamwambia chumba chake kipo kama alivyokiacha. Kikao kikaishia hapo.

Sasa unaweza kuniuliza, kama kwetu aliishi vizuri hivyo, nilimkana kwa nini. Jibu halinipi sifa. Mume wangu ni wa Kilimanjaro, na mama yake alikuwa bado hajamaliza kunisamehe kwa kuzaliwa Pwani. Mtoto alipotimiza miaka minne na kupewa jina la hali yake, mama mkwe alitamka kwamba kwao hakuna kitu kama hicho, tuulize upande wa mama. Nikajibu kwamba na kwetu hakuna. Akasema basi mtoto asipelekwe mlimani mpaka ijulikane ametoka na nini na kimetoka wapi. Desemba nne zimepita. Binamu zake wanapanda kwenda kwa bibi yao, wanarudi na picha za ng'ombe na ndizi, na binti yangu anazipanga kwa tarehe.

Baada ya siku ile ya Kariakoo nilirudi kwa daktari wake, nikamsimulia habari zote za shangazi. Alinisikiliza, akasema hawezi kumpima marehemu kwa hadithi, ila hadithi hiyo haimshangazi. Usonji mara nyingi hutembea ndani ya familia. Si kinasaba kimoja unachoweza kukinyooshea kidole. Ni vingi, kila kimoja na mchango wake mdogo, kwa kawaida kutoka pande zote mbili, na vingine hujitokeza kwa mtoto tu bila kurithiwa kutoka kwa mzazi. Hakuna aliyekosea. Wakati anasema hayo alikuwa akitazama kalamu zangu tatu, nilizozipanga kwenye meza yake kwa urefu. Nikazirudisha mkobani.

Nyumba yetu sasa ni ghorofa la makava ya simu. Khanga zinapindwa kwa dakika mbili, na hakuna anayerudisha kilichokaa upogo. Silii kwa ajili ya baraza. Binti yangu ana mwalimu anayemwelewa na jina la hali yake, vitu ambavyo shangazi hakuvipata. Ninachokitamani kirudi ni ule ukuta wa wali, uliojengwa na mtu asiyehitaji kuambiwa sababu.

Jumamosi asubuhi nilimpigia mama mkwe. Nilikuwa nimeandika ya kusema kwenye karatasi, nikaiacha.

"Shikamoo mama. Nilikudanganya. Kwetu yupo. Shangazi yangu."

Nikasikia kuku, na mtu akiburuta ndoo. Kisha mama mkwe akaanza kuuliza, kimoja kimoja: alikuwa anakula nini, akiguswa ilikuwaje, kelele je. Nilijibu yote.

"Aliishi wapi huyo?"

"Nyumbani. Barazani, mbele ya watu. Mpaka amekufa."

Nikasikia ndoo ikiwekwa chini.

"Mimi nilikuwa na kaka," akasema. "Mume wako hamjui. Tulimjengea nyuma ya migomba, wageni wakija anafungiwa. Wali hakuugusa maisha yake yote. Ndizi tu, na zisichanganywe na kitu."

Nikaikunja ile karatasi ya maneno yangu.

"Nyie wenu mlimweka barazani," akasema, na sauti yake haikuwa ile niliyoizoea. Alikohoa, akaiweka sawa. "Desemba mlete mtoto. Uniambie mapema anakula nini, nisije nikamhangaisha."