Piano Aliyoishusha Baba

Jumatano, tarehe tisa Julai. Baridi kali. Ukungu ulilala juu ya majani ya chai mpaka saa nne, halafu manyunyu yasiyokatika.

Leo wameivunja piano ya kanisa. Mimi si mwandishi, ndugu yangu. Niliishia darasa la saba, na madaftari yangu haya huwa ni ya mvua na ng'ombe tu. Lakini leo nimeshindwa kulala kitandani mchana kama daktari alivyoniambia, kwa hiyo naandika, na nikikosea utanisamehe. Vijana wa kununua vyuma vikuukuu walikuja na gari, wakaikokota hadi uani, wakaipasua kwa nyundo. Mbao zilikuwa zimeliwa na mchwa. Nyuzi zililia mara moja, zote pamoja, basi. Mchungaji, ambaye ni kijana mzuri na hakujua kitu, aliniuliza kama ningependa kibao kimoja cheupe cha kupigia, kiwe ukumbusho. Nikasema hapana, asante.

Ile piano ilikuwa kazi ya baba yangu.

Ujanani baba alipiga obokano, lile zeze letu kubwa la nyuzi nane linalonguruma kama ng'ombe dume. Alilipiga kwenye pombe, na alipobatizwa akaambiwa aliache, akaliacha. Mzungu wa misheni aliyekuwa akikaribia kurudi kwao akaona masikio yale yasipotee bure. Alimfundisha kutunza piano, akamwachia spana ya kukazia nyuzi, kabari za ngozi, na uma mdogo wa chuma unaovuma sauti ya kupimia ukigongwa gotini. Tangu hapo, kutoka Kebirigo hadi Nyamache, piano ikiharibika anaitwa yeye. Hazikuwa nyingi. Misheni moja huku, shule moja kule, na mjini Kisii familia moja ya Wahindi wenye duka la vitambaa, iliyokuwa na piano ya binti zao. Kutoka huko baba alirudi akinukia iliki, na mama alimtania, "Umeoa Mhindi?"

Nakumbuka harufu piano ilipofunguliwa tumbo: kutu, mavi ya panya, sufi iliyolowa. Miezi ya mvua baba aliweka kandili ndani yake, utambi chini kabisa, ili mbao zisivimbe. Zile nyundo ndogo zilizotafunwa na panya alizivisha vipande vya kofia kuukuu ya mzungu. Alikuwa na namna yake ya kusikiliza ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Alishika kijiti kwa meno, ncha ya pili akaiegemeza kwenye ubao karibu na nyuzi, uso wake ndani kabisa, halafu akagonga kibao. "Sikio hudanganywa na upepo," alikuwa akisema. "Jino halidanganywi." Siku moja ya likizo alinipa nami kijiti niume. Nyuzi mbili zisipokubaliana, utosi mzima ulikuwa unatetemeka, wa-wa-wa. Zikikubaliana kunatulia, kama mtoto aliyepata ziwa la mama.

Kati ya watoto sita, mimi peke yangu nilisikia. Sisemi kwa kujisifu. Ingekuwa heri nisingesikia.

Miaka ya sabini ilipoanza nyuzi zilikuwa zimeliwa na kutu. Baba aliomba kanisa liagize nyingine Nairobi, akaambiwa bati la paa kwanza. Siwalaumu, paa lilivuja kweli. Likizo moja baba akazilegeza nyuzi zote, moja baada ya nyingine, akaishusha piano nzima kwa sauti moja kamili ili zisikatike. Ilikuwa imepatana yenyewe kwa yenyewe, tamu kabisa, na akina mama walifurahi kwamba sasa wanafika kule juu bila kukaza shingo. Hakuna aliyejua. Nilijua mimi tu, kwa sababu niliuma kijiti, akagonga ule uma, nikamwambia, "Baba, haviendi pamoja." Akacheka. "Kwani kanisa letu linapimana na nani?"

Hapo alikosa. Lazima niandike hivyo hata kama ni baba. Alipaswa kuwaambia.

Maana mwaka huohuo kwaya yetu ya shule, iliyofanya mazoezi kwenye piano ile, ilikwenda mashindano Kisii. Tuliimba kwa piano ya ukumbi, iliyokuwa juu mahali pake pa kawaida. Ubeti wa kwanza tulijikaza. Wa pili, sisi wasichana sita wa sauti ya juu tulifika pale pa kupanda, na hakukuwa na kitu kooni. Kulitoka mlio. Watoto wa shule nyingine walilala kwenye viti kwa kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Wachinjeni upesi, wanateseka!"

Tulirudi juu ya lori la pareto, tumekalia magunia. Lori liliposimama shuleni, mwalimu wa kwaya akatupanga mstari sisi sita.

"Mmekula nini? Mahindi mabichi?"

"Hapana, mwalimu."

"Mwezi mzima mnaimba kama malaika, leo mnaniaibisha mbele ya mkaguzi! Kila mmoja viboko sita. Anza wewe."

Huyo "wewe" ni mimi. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nilisema ili kuwaokoa wenzangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa wa kwanza kwenye mstari na fimbo ilikuwa ya mti mbichi.

"Mwalimu, si sisi. Ni piano. Baba aliishusha."

Akaweka fimbo chini polepole. Hakuwa mtu mbaya yule. Alikuwa amefundisha kwa bidii, na mtu akidanganywa na kifaa chake ana haki ya kukasirika.

Jumapili jioni alikuja kwetu pamoja na mzee wa kanisa. Nilikuwa jikoni nikichambua mboga, mlango wazi.

"Fundi," mzee akasema, "tumesikia piano ya Mungu umeishusha. Ya shetani ulikuwa unaipandisha vizuri tu kule kwenye pombe."

Mwalimu akacheka kidogo. Baba hakucheka.

"Nyuzi zina kutu, mzee. Nikizivuta hadi pale zinapopaswa, zitakatika."

"Basi zikatike mikononi mwa fundi, zisikatike mikononi mwa mwalimu. Kesho irudi mahali pake. La sivyo tutasema kanisani kwamba masikio yako yamechoka, tutafute mwingine."

Mwingine hakuwepo, wote walijua. Lakini kwa baba neno lile lilitosha. Obokano walishamnyang'anya. Masikio ndiyo aliyobaki nayo. Akasema, "Sawa. Kesho."

Jumatatu tulikuwa darasani, ukuta mmoja na kanisa. Tuliisikia piano ikipanda, sauti kwa sauti, kuanzia zile nene. Baba alikuwa akivuta kidogo, anangoja, anavuta tena. Ilifika katikati. Halafu kukawa na mlio kama rula inayopigwa mezani, na baada yake kimya, na baada ya kimya baba akaita jina la mama.

Uso wake ulikuwa mle ndani, unaelewa, kijiti mdomoni. Uzi ulimkata jicho la kushoto. Walimpeleka hospitali kwa gari la misheni, akarudi baada ya wiki tatu bila jicho.

Piano ilibaki hivyo hivyo, nusu juu nusu chini, ikifunikwa kitambaa. Baba hakuigusa tena, wala nyingine yoyote. Mzee wa kanisa alikuja kuomba radhi, nalo niliandike. Baba alichuma chai mpaka uzee. Ibadani nyimbo zilipoanza alitoka nje akasimama mvuani, watu wakasema amerudi nyuma kiimani. Sasa kanisa lina kinanda cha umeme kisichohitaji fundi, na kinapatana kila siku. Nacho ni kizuri, siwezi kusema vingine. Ila hakuna tena mtu Nyamira yote anayeweza kukwambia kwa jino kwamba nyuzi mbili zinagombana.

Mchana huu nilimwambia mama, ambaye sasa ni mkongwe na anakaa kwangu, kwamba piano imekwisha. Ndipo nikatoa kile nilichokificha tangu utoto: ni mimi niliyemsema baba.

Mama aliendelea kuota moto. "Unadhani hakujua? Ni nani mwingine aliyeuma kile kijiti?"

"Alisema nini?"

"Wageni walipotoka tu, aliniambia, 'Mtoto asiulizwe.' Basi."

Nimejaribu kuikumbuka ile Jumapili jioni. Labda nachanganya, lakini nadhani mboga niliyokuwa nikichambua ilikuwa chinsaga, na mama aliipika kwa maziwa mpaka ule uchungu ukapungua. Tuliila na ugali wa wimbi, wote nane, baba akiwa na macho yake mawili. Na kwa sababu hakuna aliyeniuliza kitu, nilikula nikaongeza.