Mwalimu Aliyezikwa Kwanza Kwenye Simu

Mwalimu wetu amefariki. Naandika hivyo leo kwa uhakika kwa sababu aliyenipa habari ni ndugu yake wa tumbo moja, aliyekuwa ameushika mkono wake. Lazima nieleze hivyo, msomaji wangu, maana hii ilikuwa mara yangu ya pili kupewa habari za kifo chake katika wiki hiyohiyo. Mara ya kwanza ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimeketi katika hoteli moja mjini Embu, chai na ndazi mbele yangu, simu ikalia. Nilikuwa nimetiwa katika kundi la wasap bila kuulizwa, kama ilivyo desturi yetu siku hizi, kundi lenye picha ya mshumaa na jina refu la Kiingereza kuhusu safari ya mwisho ya Mwalimu. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kupatikana. Mweka hazina pia. Watu walikuwa wakimiminika na pole zao na vikaragosi vya mikono iliyofumbatwa. Nilitoka nje nikampigia ndugu yake nimpe rambirambi. Akanikemea. "Ati nani amekufa? Mimi niko na yeye hapa hospitali, Meru. Anakunywa supu!"

Mwalimu alifundisha Kiingereza katika shule moja ya kutwa juu ya Githongo, pale ambapo mashamba ya kahawa yanafika hadi ua wa shule. Nilimfahamu aliponialika nije kuwaeleza wanafunzi wake jinsi gazeti linavyoandikwa. Nilijiandaa kwa hotuba, nikalikuta darasa lina kazi yake tayari. Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta ujumbe mmoja uliopita katika simu ya nyumbani wiki ile, ausome kwa Kiingereza, kisha ajibu maswali ya Mwalimu. Msichana mmoja alisimama akasoma habari za majani yanayoponya kisukari kwa siku chache tu. "Nani amesema?" Mwalimu akauliza. "Ni daktari, Mwalimu." "Daktari gani?" "Wa India." "India ni kubwa. Anaitwaje? Na nyanya yako akiacha dawa zake kwa sababu ya haya majani, tutamtafuta huyo daktari wapi?" Darasa lilicheka, lakini yule msichana hakucheka. Alikaa chini taratibu, na nikajua nyumbani kwao kuna nyanya ambaye amekwisha kuyachemsha.

Wazazi hawakuupenda mtindo huo. Katika mkutano wa wazazi mzee mmoja aliinuka akasema, "Mwalimu, sisi tulileta watoto wafundishwe Kizungu. Hii mambo ya simu wataisoma wakienda kazi." Mwalimu akamjibu kwa heshima, lakini sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. "Baba, na hicho Kizungu wanakisoma wapi siku hizi kama si kwa simu? Mtoto wako anasoma kitabu changu mara moja kwa wiki. Simu anaisoma kabla hajaosha uso." Hata walimu wenzake walimlaumu kwamba anapoteza wakati na mambo yasiyo katika mtihani. Hilo ndilo lililokuwa likimchosha. Alinieleza kwamba huku kwetu tunazungumza Kimeru au Kiembu nyumbani, Kiswahili sokoni, na Kiingereza tumekiachia ofisi, mahakama na hospitali. Kwa hiyo neno likija limevaa Kiingereza tunalivulia kofia. Uongo uleule ukiletwa kwa Kimeru tutauliza, "Wewe umetoa wapi?" Ukiletwa kwa Kiingereza chenye herufi kubwa tunausambaza, na chini yake tunaandika "Forwarded as received". Maneno hayo matatu alikuwa akiyaita maji ya Pilato, ya kunawia mikono.

Sitasahau siku ya yule muuza ndengu. Alikuwa Mmbeere, amepanda kutoka Embu ya chini na pikapu yake, akasimama kando ya soko kuuza magunia yake kama mtu yeyote. Mtu akampiga picha. Kabla ya saa sita picha hiyo ilikuwa imeingia katika kundi la wazazi wa shule, na juu yake onyo la Kiingereza kwamba huyo ni mwizi wa watoto. Mwalimu alipouliza katika kundi nani aliyemwona akiiba mtoto, na mtoto wa nani, aliambiwa asipoteze wakati, heri tahadhari. Alipofika sokoni alikuta watu wamemzunguka yule maskini, na wengine walikwisha kuokota mawe. Akapenya akasimama kando ya pikapu. "Mtoto gani amepotea? Mama yake ni nani? Aje hapa mbele." Hakuna aliyekuja. Mmoja akasema, "Lakini, Mwalimu, imeandikwa na Kizungu safi kabisa." Mwalimu akamgeukia. "Kizungu mimi ndio nafundisha watoto wenu. Kinaweza kudanganya kama Kimeru tu." Watu walitawanyika wakinung'unika, baadhi yao wamenunua ndengu. Hakuna aliyemwomba yule mtu msamaha, na kundi halikuandika neno jingine isipokuwa salamu za asubuhi ya kesho yake, zenye picha ya maua.

Sasa turudi Alhamisi. Nimefuatilia jambo hili kama alivyotufundisha, kwa kumpigia aliyenitumia, kisha aliyemtumia yeye, hadi nikamfikia wa kwanza. Ni mwalimu mwenzake. Alikwenda hospitali kumjulia hali, akakuta kitanda kitupu na shuka limeondolewa. Hakuuliza muuguzi. Hakuuliza mgonjwa wa kitanda cha pili. Alitoka hadi kwenye lango, akaandika kwa Kiingereza kizuri mno kwamba tumempoteza shujaa wa elimu. Mwalimu alikuwa amepelekwa kupigwa picha ya kifua.

Wakati nilipokuwa nikikemewa kwenye simu Embu, akina mama wa kanisa walikuwa wamefika kwa mama yake Githongo wakilia kwa sauti. Viti vilikuwa vimeanza kuletwa, kuni zinapasuliwa. Yule mama, ambaye hana simu na hajui lolote la makundi, alianguka uani. Walimwinua, wakamtia kwenye gari hadi Meru, wakampandisha ngazi huku wamemshika mabegani, na akamkuta mwanawe ameketi kitandani na bakuli la supu. "Mama, nani alikuambia nimekufa?" Mama akasema, "Watu wote." Mgonjwa wa kitanda cha pili akamweleza habari ya mgeni aliyekuta kitanda kitupu, na kwamba Mwalimu alikuwa amepelekwa kupigwa picha. Mama akacheka, akalia, akamlisha supu iliyobaki kwa mkono wake.

Mwalimu aliomba simu ya ndugu yake, ambaye naye alikuwa amekwisha kutiwa kundini, akaandika katika kundi la mazishi yake mwenyewe: "Niko hapa. Nani aliyesema nimekufa?" Wakaanza kujiondoa mmoja baada ya mwingine, kimya kimya, kama watu wanaotoka kanisani wakati wa sadaka. Kisha mtu mmoja, ambaye namheshimu kwa kutomtaja, akaandika: "Admin, tufunge group ama tungoje kidogo?"

Walingoja kidogo. Jumamosi asubuhi Mwalimu alifariki kweli, na kundi likafufuka. Tangazo lilianza kwa maneno, "Kama tulivyokuwa tumewajulisha awali." Nilipomuuliza yule mwalimu aliyeandika wa kwanza kama haoni aibu, alinitolea methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nilimkatia simu kwa hasira, na hasira hiyo ninayo mpaka sasa ninapoandika.

Maana sijakueleza habari za Jumamosi kule nyumbani. Ndugu yake alikwenda mwenyewe kumwambia mama. Alimkuta amejifunga kitambaa kichwani, amechemsha uji wa wimbi, ameutia kwenye chupa, anangoja gari la kumpeleka kwa mwanawe. Akampa habari. Mama akamtazama bila kutoa chozi. "Nani alikuambia?" "Nimeona mwenyewe, mama." "Hata wale wa Alhamisi walisema wameona." Akachukua chupa yake ya uji akaingia garini.

Hakuna aliyeweza kumzuia. Alipanda ngazi zilezile, akaingia wodi ileile, akakuta kitanda kitupu na shuka limeondolewa. Akavuta kiti. Muuguzi alikuja akainama, akamweleza kwa upole, na mama akamjibu kwa subira, kama mtu anayemfundisha mgeni, "Amepelekwa kupigwa picha. Nitamngoja." Aliketi pale, chupa mapajani, mpaka uji ukapoa.

Watu wanadhani ujumbe wa uongo ukikanushwa umekwisha. Ule wa Alhamisi haukwisha. Ulimnyang'anya mama mmoja uwezo wa kuupokea ukweli siku alipouhitaji, na wote tuliokuwa katika kundi lile tunavaa suti, tunajua Kiingereza na tunaandika kwamba tumetuma kama tulivyopokea. Msomaji wangu, ukipokea habari ya kifo, kabla hujaituma mbele, mpigie mtu aliye pale kando ya kitanda. Na kama huna namba yake, basi habari hiyo si yako kuisambaza.