Nimeficha hendeli ya mashine ya mbao ya mume wangu

Admin, nifichie jina, maana mume wangu naye anashinda humu akicheka visa vya wenzake. Leo asome cha kwake.

Nina miaka 33, mama wa watoto wawili, naishi Ruhuwiko hapa Songea. Mume wangu anapasua mbao kwa dingdong, ile mashine wanayoikokota kuifuata miti mashambani. Msumeno wake ulikuja na kava la chuma. Alilifungua siku ya kwanza, eti linamchelewesha, na sasa kuku wangu wananywea maji humo.

Kuwasha injini ni kuzungusha hendeli mpaka jasho likutoke, kwa hiyo wakishaiwasha hawaizimi. Gogo likikwama wanaingiza mkono huku msumeno unazunguka. Maranda yakijaa wanayafagia kwa kiganja. Mume wangu amebakiwa na vidole vitatu mkono wa kulia, na anavionyesha kijiweni Msamala kama cheti. "Fundi mwenye vidole vyote bado anajifunza," anawaambia, na watu wazima wenye ndevu wanacheka. Sijawahi kuona wanaume wanaojisifia ujinga kiasi hiki.

Mwezi uliopita msumeno uliondoka na kiganja cha kulia cha mwenzake anayepokea mbao. Nikadhani sasa akili itamrudi. Wapi. "Mama watoto, kwa kuwa wewe ndiye profesa wa usalama, utakuja kupokea wewe," akaniambia.

Nikamjibu, "Rudisha kava, na mashine izimwe kabla mtu hajaingiza mkono. Nitakuja."

Akasema namdharau. Ni kweli, namdharau.

Alipotoka kuoga nilikuwa nimeshaifukia hendeli kwenye gunia la mahindi. Hendeli za kuazima zote haziingii. Mashine imelala wiki nzima, na mimi nilijiona mjanja.

Kumbe bwana huyo amemtangaza yule majeruhi kuwa mwizi, eti kaiba hendeli kwa kisirani. Jana nilimpelekea uji, nikamkuta mama mkwe wangu amefika kumdai. Yule kaka alimwamkia vizuri, kisha akauliza, "Mama, hiyo hendeli ningeizungusha kwa mkono upi?" Mama mkwe akaangalia pembeni. Mimi nikakoroga uji uliokwisha kupoa.

Kesho wanampeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikiitoa hendeli, nitakayesimama mbele ya msumeno ulio wazi ni mimi. Nikinyamaza, mtu aliyepoteza mkono anapoteza na jina. Nishaurini ndugu zangu, nishike lipi? Ila mwanaume mwenye vidole pungufu asijisumbue kunijibu.