Nilitunga pawa ya alien kwenye gemu ya mezani, rafiki yangu mfugaji akaacha kuja kwangu

Wakuu, salamu kutoka Mpanda. Haya yamenitokea mwenyewe na sijaongeza chumvi, majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni bwana shamba, nahudumia wakulima upande wa Kakese. Jumamosi mchana tunakutana watu wanne kwangu kucheza gemu moja aliyoileta Zuhura, mwalimu wa hesabu.

Kwa wasioijua: kila mchezaji ni alien, yaani kiumbe wa anga za mbali, ana sayari zake na meli zake. Unavamia sayari za wenzako kwa meli na kadi ulizo nazo mkononi, anayewahi kuteka za kutosha anashinda. Meli zikipigwa zinaenda makaburini. Utamu uko kwenye kadi ya pawa, kila alien anaruhusiwa kuvunja sheria moja.

(Nyie mnaobishana mpira kutwa nzima, mkae kwa kutulia. Kila mtu na starehe yake.)

Zile kadi tulizichoka, nikasema natunga yangu. Nikakata boksi la mbegu za mahindi, nikaandika kwa maka pen: MFUGAJI. Meli zake zikipigwa haziendi makaburini. Zinahamia sayari ya jirani bila kuomba, na mwenye sayari hawezi kuzitoa.

Wiki ile nilikuwa nimeitwa mara mbili kukagua mahindi yaliyoliwa na ng'ombe, kwa hiyo wazo lilikuja lenyewe. Nikajiona nina akili.

Sasa, mchezaji wetu wa nne ni Ngasa. Mifugo yake iko Kasansa, familia iko hapa mjini.

Kadi ikaangukia kwa Deus, fundi sola. Kila akipigwa, meli zake anazisukumia kwenye sayari za Ngasa.

"Pisha, ng'ombe wanapita!"

Tukacheka. Ngasa akaichukua kadi, akaisoma, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Kaka, hii umeandika wewe?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nikikaa hapa mnaniona hivi?"

Nikamwambia ni gemu tu.

"Gemu, sawa. Ila jina ungeweka lolote."

Akavaa kofia, akaaga vizuri, akaondoka. Jumamosi tatu hakuja. Simu anapokea, anasema ametingwa.

Wakuu, mama yangu alipofariki, ng'ombe aliyechinjwa msibani alitoka kwa huyu mtu, na hakutaka hata kushukuriwa. Hilo ndilo lilikuwa linanirudia kichwani.

Jumamosi ya nne nikaenda kwake na ile kadi mfukoni. Nikamwomba radhi, nikamwambia aichane yeye mwenyewe.

Hakuichana. Aliomba kalamu.

"Bwana shamba, mkishavuna, mabua mnayafanyia nini?"

"Ng'ombe wanaingia wanakula."

"Na samadi inabaki kwa nani?"

"Kwa mwenye shamba."

"Mbona hukuandika hilo?" Kisha akaongeza, "Wapo wenzetu wanaoingiza ng'ombe kabla ya mavuno, sikatai. Hao watungie kadi yao."

Tukaigeuza kadi, tukaandika upya nyuma yake. Mfugaji akipigwa, anaomba hifadhi kwa mchezaji mmoja. Akikubaliwa, mwenyeji anachota kadi ya ziada kila raundi meli zikiwa kwake. Akikataliwa, meli zinaenda makaburini.

Tuliporudi mezani wote wanne, Zuhura aliposoma akasema pawa imekuwa dhaifu. Tukaicheza hivyo hivyo, safari hii Ngasa ndiye Mfugaji. Deus, ambaye naye alishaomba radhi, alimkatalia mara mbili, akabaki na kadi chache. Zuhura alimpokea tangu mwanzo, akajaza mkono, akashinda. Mezani watu waliongea na kupatana kuliko siku zote. Kwa ile pawa ya kwanza mmoja alikuwa anacheza, watatu tunatazama.

Nilichojifunza: nilichukua malalamiko ya watu wengine nikambandikia mtu ninayemjua vizuri. Kwenye karatasi ilionekana utani. Mwenye jina lake ndiye alijua kama ni utani au la.

Ngasa amerudi. Sasa anataka na yeye kutunga kadi, inaitwa BWANA SHAMBA. Anasema pawa yake ni kuwafundisha wengine wote namna ya kucheza, huku yeye mwenyewe hana meli hata moja.

Nimekubali iingie mezani Jumamosi hii. Wataalamu wa gemu, nipeni maoni: kadi ya namna hiyo inashindaje?